Kuuza Nyumba Haraka Gongo la Mboto

Kazi ya kwanza kwa anayetaka kuuza nyumba haraka Gongo la Mboto ni kufuta maandishi yanayosema kwamba nyumba hiyo haiuzwi. NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI: maneno hayo hupakwa ukutani kwa rangi nyekundu ya mafuta, na aghalabu aliyeyaandika ni mwenye nyumba mwenyewe, siku alipogundua kwamba shemeji yake amekwisha kupokea malipo ya awali kutoka kwa watu wawili. Miaka inapita, marejesho ya mkopo wa kausha damu yanafika, na inanunuliwa ndoo ya rangi nyeupe ya maji. Kosa ni hapo. Rangi ya maji haifichi ya mafuta. Mkono wa kwanza hausaidii kitu. Wa pili huyageuza maandishi kuwa ya waridi. Wa tatu, ndoo ikielekea kwisha, hufunika HAI na kuacha UZWI, neno ambalo halijamsaidia muuzaji yeyote.

Baada ya ukuta wa nje hufuata nyufa. Februari 16, 2011 ghala la silaha katika kambi ya jeshi ya Gongo la Mboto lililipuka. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha na nyumba nyingi zilibomoka au kupasuka. Tangu hapo kila ufa wa mtaani una maelezo tayari, na muuzaji hupenda kuyatumia, kwa kuwa ufa wa bomu ni msiba na ufa wa msingi ni fundi. Ugumu huja mteja anapouliza nyumba ilijengwa lini, akaambiwa 2016. Mfuko wa saruji ni nafuu kuliko hadithi.

Picha zipigwe kiangazi. Mto Msimbazi, unaoanzia vilima vya Pugu, una tabia zake wakati wa masika, hasa upande wa Ulongoni, na nyumba inayopigwa picha mwezi wa Aprili hutoka na kivuli chake chini.

Tangazo ni mali ya dalali, na dalali hawi mmoja. Akiambiwa kwamba mwenye nyumba anataka milioni 45, wa kwanza huweka cha juu na kumpa mwenzake wa Kitunda kwa 50. Huyo naye humpa wa Banana kwa 56. Ikifika jioni nyumba imefika 60 bila kuongezewa hata kitasa. Lugha ya tangazo nayo inataka mkalimani. “Dakika tano kutoka lami” ni dakika za bodaboda asiyeogopa kufa. “Gari linafika” maana yake liliwahi kufika, siku ya kuleta mchanga. “Karibu na mwendokasi” si uongo, kwa sababu awamu ya 3 ya mradi huo inafuata Barabara ya Nyerere hadi Gongo la Mboto, ila nyumba yenyewe iko Majohe ndani. “Hati ipo” inaweza kuwa hati miliki, leseni ya makazi, au karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, na mteja hataambiwa ni ipi mpaka aulize mara mbili. Lakini neno la hasara kuliko yote ni HARAKA. Mnunuzi wa Dar es Salaam akilisoma hasikii mwendo. Anasikia shida, na papo hapo hupunguza milioni kumi kichwani kabla hajapanda daladala.

Siku ya mteja kuja ndiyo yenye visa. Sebule hupambwa kwa makochi ya kuazima, na mwenye makochi huja kuyafuata katikati ya mazungumzo kwa sababu naye amepata wageni. Mteja akiomba kuona taa, uniti za LUKU huisha, maana hela ya uniti imekwenda kwenye rangi. Mpangaji wa chumba cha uani, aliyelipa kodi ya miezi 6 na hajaambiwa kitu, husalimia kwa adabu zote: “Shikamoo mzee. Nyumba nzuri sana hii. Labda masika tu.” Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere nao uko jirani, na bei ikitajwa ndege inapopita, kila upande husikia ile unayoipenda, na ubishi wa kwanza huzuka kati ya watu waliokwisha kupeana mikono.

Yakibaki maandishi ya mauziano, Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa na mwenzi mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo mke aliyeambiwa kwamba rangi ni ya sikukuu inabidi aambiwe ukweli, na ni salama zaidi aambiwe nyumbani kuliko ofisi ya mtaa, mbele ya mashahidi. Madalali hugombania fungu lao nje, chini ya mwembe. Hilo halimhusu muuzaji ilimradi geti limefungwa.

Tangazo, hata hivyo, halina wa kulizima. Linaendelea kuzunguka kwenye simu za watu, na wiki ya tatu mwenye nyumba mpya hugongewa saa moja asubuhi na mteja aliyetumwa kutoka Banana, akiwa na bei pungufu ya ile aliyolipa yeye. Siku hiyohiyo huenda dukani kununua kopo la rangi nyekundu, ya mafuta.