Babu, Usivute!

"Babu, usivute!" Aliyenifokea hivyo ni mtoto ambaye meno yake ya mbele bado hayajaota, amesimama pakavu na kindoo chake, mimi nimezama topeni hadi magotini kwenye ukingo wa lile bwawa la juu ya Ndanda. Babu! Mvi zangu zinahesabika, tena nilivaa kofia. Nyuma yake kina mama watatu wakatua ndoo ili wacheke kwa nafasi. "Mwacheni kwanza," mmoja akasema, "labda anaoga." Na koti? Ndiyo, na koti: zito, la mtumba, lenye manyoya shingoni, lililoshonwa kwa ajili ya theluji ya watu wengine.

Wazo la kutembea lilikuwa la mpwa wangu anayesoma Dar es Salaam. Huko, anasema, watu hulipa nauli wakapande mlima, kisha hushuka mikono mitupu na furaha tele. Tukatoka Lupaso alfajiri, mwezi wa Julai, kipupwe kimekaza. Asiyeijua kusini ya Tanzania hudhani ni jua tu. Karl Weule, Mjerumani aliyekuja kuchunguza mila zetu mwaka 1906, aliulalamikia upepo wa baridi wa Newala, naye alitoka Ulaya. Ndiyo sababu ya koti. Na kwa vile huku hakuna atembeaye bure, kila tuliyepishana naye njiani alitaka kujua msiba uko wapi.

"Shikamoo mzee. Tunatembea tu."

"Marahaba. Kwa nani?"

"Hatuendi kwa mtu."

Akatupa pole, akaenda zake.

Sasa, tope. Kijito kinachoteremka ubavuni mwa uwanda wa Makonde kinakuja kwa kasi, lakini kikigusa bwawa mwendo wake unakufa. Mchanga, kwa kuwa ni mzito, hutua pale pale mlangoni. Udongo laini huelea mbele kidogo, kisha nao hutua, tabaka juu ya tabaka, mwaka baada ya mwaka. Kiangazi maji yakirudi nyuma, jua hukausha ngozi ya juu ikapasuka vipande vipande, ukiitazama unaapa hata lori litapita. Vidole viwili chini yake ni rojorojo. Mguu ukishazama, udongo unaufumbata pande zote; ukiuvuta juu, chini ya unyayo panabaki utupu, hewa haina pa kupenya, na huo utupu ndio unaokurudisha. Ukinyanyua mmoja, uzito wote unamwangukia mwenzake, naye anakwenda chini. Kadiri unavyokuwa na nguvu ndivyo unavyojizika. Yule mtoto alikuwa anayajua haya yote bila ubao wala chaki. Akaniamuru nikae kitako, nisishindane, niutikise mguu taratibu mpaka maji yapenye ubavuni. Nikakaa, na koti langu la manyoya. Mguu ukachomoka kwa mlio ambao gazeti la heshima halichapishi, kina mama wakaanza upya. Kiatu cha kushoto hakikurudi. Mpwa wangu, wakati wote huo, alikuwa anapiga picha.

Nikiwa najikwangua ndipo nikaliwaza lile bwawa lenyewe. Juu yake, uwandani, hakuna mto. Ardhi ya Makonde ni mchanga unaoifyonza mvua kama dodoki. Maji yanazama mpaka yakutane na tabaka lisilopitisha, yanajitafutia njia pembeni, yanatokea chini ya genge, masika na kiangazi. Chemchemi za Mbwinji, zinazonywesha Masasi na Nachingwea, ni za ukoo huohuo. Kwa hiyo tangu mababu, mvua inawanyeshea walio juu, maji yanatokea kwa walio chini, na anayeyarudisha juu ni mwanamke, kichwani. Mwingereza akaleta pampu miaka ya 1950. Miaka ya 1970 wakaja Wafini, watu wenye maziwa kwa maelfu, kutusaidia sisi tusio na hata kijito huko juu. Na bado kina mama wale walikuwa na ndoo. Walipomaliza kucheka wakajitwika, wakaanza kuukwea mlima uleule niliokuja kuupanda kwa starehe. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba yale ni mazoezi, wala kuwapiga picha, na mimi sikuwa na hamu tena ya kucheka nao.

Mengine yalikuwa madogo. Nyani walikula ming'oko yetu. Mkulima aliyekuwa anapuliza salfa kwenye mikorosho akinusuru maua na ubwiriubwiri aliniongezea rangi ya njano juu ya ile ya tope. Bodaboda akadai nauli ya watu wawili na mzigo.

Nyumbani nikafungua bomba ninawe. Likakohoa, likapuliza, likakaa kimya. Lakini mita! Ndani ya mita ya maji mna kigurudumu kinachozungushwa na chochote kipitacho, nacho hakina ulimi. Mgao ukirudi baada ya siku kadhaa, maji huisukuma mbele hewa iliyojaa bombani, kigurudumu kinazunguka kwa bidii, na bili inakua. Nimeshalipia upepo mwingi katika nyumba hii, mwingine wa kipupwe na mwingine wa masika. Msoma mita alipopita nilimwonyesha tope lililokaukia magotini, nikamwuliza nini hasa nilichouziwa.

"Mzee," akasema huku anaandika, "hata hiyo hewa imepandishwa na pampu."