Masaibu ya Watahiniwa wa IELTS

Mtihani wa IELTS una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Alama huanzia 0 hadi 9, na matokeo hudumu miaka miwili, muda unaotosha kukataliwa na vyuo kadhaa.

Malalamiko mengi katika barua za wasomaji huhusu kusikiliza. Msomaji wa Morogoro anadai alisikia kila neno, lakini akakosa maswali tisa kati ya 40. Barua yake, aliyoiandika kwa Kiingereza, inaeleza yote: haina nomino hata moja ya wingi. Kiswahili huweka wingi mlangoni, kitabu na vitabu. Kiingereza huuficha uani, katika herufi s inayotamkwa kama siri. Sikio lililolelewa kwa Kiswahili hukaa barazani kumngoja mgeni aliyekwisha kuingia kwa mlango wa nyuma. Dawa yake ni kufuatilia miisho ya maneno, na kutii maagizo: yakitaka maneno yasiyozidi mawili, la tatu huharibu jibu zima. Rekodi huchezwa mara moja tu, na macho ya huruma kwa msimamizi hayairudishi. Kubahatisha hakukatwi alama, basi nafasi isiachwe wazi.

Msomaji wa Mombasa amekariri insha 30 na anauliza kama zinatosha. Zinatosha kufungia maandazi. Insha ya namna hiyo huanza kwa Kiingereza cha balozi, ikafika kwenye mada halisi kwa Kiingereza cha mwenyewe. Saa ya kuandika ina kazi mbili, ya maneno yasiyopungua 150 na ya maneno yasiyopungua 250. Ya pili ina uzito maradufu, hivyo hustahili dakika 40.

Wa Dodoma anatafuta lafudhi ya Marekani kwenye filamu. Lafudhi haina alama katika mahojiano ya sehemu ya kuzungumza. Katika matamshi, kinachopimwa ni kueleweka. Tatizo lake ni “yeye”, neno lisilo na jinsia, basi kwa Kiingereza huchanganya he na she: mama yake huanza simulizi akiwa mwanamke, akaimaliza akiwa mwanamume.

Mzazi wa Arusha anashangaa mwanawe kukataliwa ilhali chuo kilitaka 6.5 naye amepata 6.5. Wastani wa alama zake, 7.5, 7, 6.5 na 5.5, ni 6.625, ambao hushushwa hadi 6.5, ila vyuo vingi huweka pia kima cha chini kwa kila sehemu, na ile 5.5 ya kuandika ndiyo iliyomponza. Aliyefanya mtihani kwa kompyuta anaweza, pale huduma hiyo inapotolewa, kurudia sehemu moja ndani ya siku 60. Si kila chuo hupokea matokeo hayo, kwa hiyo kiulizwe kabla ya ada kulipwa.