Pedri: Ngazi Sita za Fundi wa Dimba la Kati

Wanaohesabu mabao peke yake wakae pembeni kidogo. Leo ni zamu ya kiungo, anayeamua timu ikimbie au itulie. Pedri alizaliwa Novemba 2002, akakulia Tegueste, mji mdogo kisiwani Tenerife. Tunahesabu kutoka sita hadi moja, na hoja yangu hii hapa: kipaji chake hakijawahi kuwa na shida. Shida ni kumchezesha kana kwamba hachoki.

6. Madrid wamwachia
Mwaka 2018 alikwenda kufanyiwa majaribio Real Madrid. Theluji ikavuruga mazoezi, akaambiwa kiwango bado, akarudi kwao. Babu yake ndiye aliyeanzisha tawi la mashabiki wa Barcelona pale Tegueste. Mzee lazima alilala usingizi mnono!

5. Bei ya chee
Akiwa na miaka 16 alianza kuichezea Las Palmas, daraja la pili Hispania. Septemba 2019 Barcelona wakakubaliana bei: euro milioni 5, mbali na nyongeza. Oktoba 2021 wakamwekea kifungu cha kuvunja mkataba cha euro bilioni 1. Aliyewahi sokoni hanunui magugu.

4. Medali yenye maumivu
Robo fainali ya Euro 2024, Stuttgart. Dakika ya 8 anatoka na jeraha la goti baada ya kugongana na Toni Kroos wa Ujerumani. Kroos akamwomba radhi hadharani, naye akapokea. Hispania ikabeba kombe, na nishani ya Pedri ni halali kabisa, msibishane nami.

3. Sevilla wakalishwa
Aprili 2022, Camp Nou, 0-0. Anapokea mpira nje ya boksi, anatishia kupiga: wa kwanza anajirusha. Anatishia tena: wa pili naye anapita na upepo. Ndipo anaupitisha chini chini, kwenye kona ya lango. Barcelona 1-0. Mashabiki waliokuwa wamekaa walisimama. Waliokuwa wamesimama ni mabeki wa Sevilla, nao wakakaa chini!

2. Mechi 73
Msimu wa 2020/21 ni utukufu na onyo kwa pamoja. Kwenye Euro, akiwa na miaka 18, alikosa dakika moja tu. Nusu fainali dhidi ya Italia alipiga pasi 66, zikafika 65. Siku 16 baada ya mechi ile yuko Japani kwenye Olimpiki, akarudi na medali ya fedha. Jumla: mechi 73, klabu na taifa. Tuzo ya Kopa, ya mchezaji bora chipukizi, akaipata, na msuli wa paja ukaanza kudai deni lake. Hata punda hupumzishwa, jamani!

1. Jijini Sevilla, 26 Aprili 2025
Fainali ya Kombe la Mfalme dhidi ya Real Madrid. Lamine Yamal anamrudishia mpira, Pedri haugusi mara mbili: shuti moja, juu pembeni, kipa Courtois anaruka bure. Barcelona 3-2, na ligi nayo ikabebwa. Msimu ule, chini ya kocha Hansi Flick, mwili ulimtii, akacheza karibu kila mechi ya ligi. Utii huo wa mwili kwangu ndio bao lake kubwa kuliko yote. Makocha, mkipata fundi wa namna hii, hesabuni dakika zake kabla ya kuhesabu pasi zake.