Noeli ya Mwezi Mpevu Idjwi

Mama mkwe wangu aliahidi sambaza wabichi kabla ya mtu yeyote kuutazama mwezi. Baba yangu alikuwa kwenye simu, huko Mpofi, pale Masisi inapopakana na Walikale. Alisema Noeli hiyo ya 2015 angependa kuja kwetu Idjwi, ale samaki wa ziwa na alale usiku mzima bila kutega sikio. Kwao usingizi wa namna hiyo ni haba. Kisiwa chetu, katikati ya ziwa Kivu, vita vya bara vilikuwa vimekipita pembeni kwa kiasi kikubwa, na watu wa Masisi walilijua hilo.

"Njooni na mawese tu, mkwe wangu," mama mkwe akamjibu. "Sambaza ni juu yetu, tena wa usiku uleule."

Shemeji yangu, ambaye ni mvuvi, aliposikia alishika kichwa. Mwaka ule mwezi ulikuwa unajaa tarehe 25 Desemba yenyewe. Sambaza huvuliwa gizani: pirogi tatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, taa huwashwa juu ya maji, na samaki wakishaufuata mwanga wavu huinuliwa kutoka chini yao. Mwezi ukijaa, ziwa zima limeangaza, na taa ya mvuvi haimwiti samaki yeyote. Siku hizo wavuvi hukaa nyumbani wakishona nyavu. Alimweleza mama yake haya yote kwa adabu.

"Nimeshasema na wakwe," akajibiwa.

Basi tukaamua kuweka akiba. Katika wiki ya giza shemeji alileta mabeseni yamejaa sambaza, tukawaanika ufukweni juu ya mikeka. Lakini Desemba ni mvua. Wingu likitokea upande wa Kalehe, kila mtu alitupa alichoshika akakimbilia mikeka, hata baba mkwe na fimbo yake. Sambaza wakalala juu ya kabati, juu ya meza, juu ya kitanda cha wageni. Mvua moja ikatukuta misani. Nusu yao wakaoza. Waliobaki tuliwatundika juu ya moto jikoni, na paka wa jirani akahamia kwetu pamoja na watoto wake. Siku chache kabla ya Noeli tulibaki na harufu tu, imeingia mpaka kwenye mashuka.

Koko, mama wa baba mkwe, hakuwa na huruma. Alikumbuka ziwa lisilo na sambaza, kwa kuwa waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Na kabla ya sikukuu za misa kisiwa kilikuwa na muganuro, sikukuu ya malimbuko ya mtama mbele ya mwami. Mwanahistoria David Newbury ameieleza katika kitabu chake juu ya Idjwi kilichotoka 1991. Hapo mtama ndio ulioita watu: bila mavuno, hakuna sherehe. Mimi naona wazee wale walipanga vizuri. Kalenda ya ukutani haiulizi ziwa lina nini.

Wageni walishuka kutoka Mpofi kwa pikipiki, kupitia Nyabiondo na Masisi hadi Sake, kisha wakapanda boti Kituku, Goma. Upepo ukawachelewesha. Walifika jioni wamelowa, na bidoni la mawese, na jibini la Masisi limefungwa ndani ya koti la baba. Baba alikaa kitandani, akanusa shuka, uso ukamng'aa: "Kumbe sambaza wameshafika!" Hakuna aliyethubutu kumjibu.

Mkesha wa Noeli mama mkwe alimsindikiza mwanawe hadi majini. Mwezi ulikuwa umechomoza upande wa Rwanda, mkubwa, ungeweza kuhesabu mawe ufukweni. Wenzake walikubali kwenda kwa heshima ya mama huyo tu. Hata nyimbo zao za kupiga kasia hatukuzisikia. Koko alisema watarudi na maji.

Usiku wa manane ikaja mvua, ileile iliyotuozeshea mikeka. Wingu zito likaufunika mwezi hadi karibu na alfajiri, ziwa likawa jeusi, na wao wakainua wavu mara nyingi walivyoweza. Walirudi na beseni moja la sambaza, nalo halikujaa. Mama mkwe aliwakaanga kwa mawese ya Mpofi akiwa tayari na kitenge cha misa, gunia amejifunga juu yake. Sambaza wote wakaenda kwa wageni. Sisi tukala fufu na sombe. Baba alikula mpaka vichwa, kisha akalala hadi jua la saa nne, na hakuna aliyemwamsha.

Kabla hawajaondoka, wazee walitaka kupanga siku ya kupokea mahari ya wifi yangu, ili baba awepo. Mama mkwe alimwita shemeji kwanza. Wakachagua wiki ya tarehe 10 Januari 2016, giza tupu.