Balbu Janja ya Banda la Uani
Zigbee ni mtandao wa redio ambamo vifaa vya nyumbani hupokezana ujumbe kama watu wanaopokezana ndoo za maji. Hutumia zaidi masafa ya 2.4 GHz, yaleyale ya Wi-Fi na jiko la maikrowevu, kwa kasi isiyozidi kilobiti 250 kwa sekunde, ambayo inatosha kabisa kuiambia taa izime. Ndani ya nyumba moja mambo huenda. Kasheshe huanza mwenye nyumba anapotaka banda la uani nalo liwe janja.

Kati ya nyumba na banda pana ua, ukuta wa tofali na mabati. Bati halijasoma kijitabu cha maelekezo. Mawimbi huyarudisha yalikotoka. Vifaa vya betri navyo havipokezi ujumbe wa wenzao, huamka, hupeleka wa kwao na kulala tena. Wapokezaji ni vile vinavyokula umeme wa ukutani. Basi hununuliwa soketi janja ya dirishani, kisha ya barazani, na siku mtoto akichomoa mojawapo apate kuchaji simu, banda zima hurudi ujingani.

Dawa ni waya. Kebo ya mtandao, ambayo kikomo chake ni mita 100, hufikishwa bandani na kuchomekwa kituo cha pili cha Zigbee. Penye radi nyingi hulazwa faiba, maana kioo chake hakipitishi umeme. Mtaro huchimbwa, fundi hulipwa. Jioni mgeni huzima swichi ya ukutani, na balbu janja isiyo na umeme haisikii mtandao wowote.