Mikasa ya Wahitimu Wazee

Vyuo vingi vya Marekani huchapisha jarida la wahitimu, mojawapo likiwa Princeton Alumni Weekly lililoanza mwaka 1900, na ndani yake huwamo safu ya habari za darasa, yaani taarifa fupi za watu waliohitimu mwaka mmoja, ambazo huandikwa na mwenzao aliyepewa ukatibu. Katika madarasa ya vijana habari hizo ni za vyeo, harusi na watoto, lakini miaka sitini baadaye hubaki magoti ya bandia, vitukuu na safari za majira ya baridi.

Wazee wa majimbo ya kaskazini wanaohamia Florida kukwepa baridi huitwa ndege wa theluji, na baadhi yao, macho yakishachoka na barabara, hupanda Auto Train, treni ya usiku inayobeba abiria pamoja na magari yao kutoka Lorton, Virginia, hadi Sanford, Florida, mwendo wa takriban kilomita 1,375. Gari likishapakiwa halifikiki tena hadi mwisho wa safari, na hapo ndipo mzee hukumbuka kwamba vifaa vyake vya kusikia vimo kwenye droo ya dashibodi; basi asubuhi hubaki kituoni akiwatazama wenzake wakiondoka mmoja mmoja, kwa kuwa namba za magari hutangazwa kwa kipaza sauti.

Hata huko kusini ajali haina kinga. Tarehe 21 Januari 2020 ofisi ya hali ya hewa ya Miami iliwatahadharisha wakazi wasishangae kuona iguana, mijusi wakubwa wa kijani, wakidondoka mitini, kwani baridi huwapooza, mara nyingi bila kuwaua. Wakati huohuo nyumba iliyoachwa kaskazini nayo ina mambo yake, maana maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na bomba likipasuka hungoja jirani wa kulitolea taarifa.

Makatibu huipenda mikasa hii, kwa sababu aliyesafiri salama hana la kusimulia. Isitoshe, jarida hilohilo hubeba kurasa za tanzia, na mzee akinyamaza kwa matoleo mawili, wenzake huanza kumtafuta huko. Kwa hiyo mwenye busara, akiteguka kifundo cha mguu, humpigia katibu kwanza, daktari baadaye.