Shikamoo, Upepo wa Dizeli

Filta ilipokuwa chafu, gari lilikuwa linawaka. Lilikohoa kidogo mlimani, kweli, na moshi wake ulikuwa wa mtu aliyevuta sigara kali tangu ujana, lakini ukigeuza ufunguo linaitika. Ukanunua filta mpya. Ukaazima spana, ukainamia injini kama daktari wa upasuaji, ukatoa ile chafu, ukafunga safi, ukajifuta mikono kwa fahari ya mtu aliyeokoa hela ya fundi. Ukapiga stata. Stata inalia nye-nye-nye-nye, injini inazunguka, haishiki. Umelifanyia gari wema, nalo limekununia.

Lakini usilionee gari. Aliyenuna ni upepo: kile kiputo cha hewa kilichoingia ulipofungua filta ya zamani, na sasa kimekaa kwenye mrija kati ya tenki na pampu, kimekunja nne, kinasubiri heshima yake.

Watu wamesifu majahazi, ngamia, kahawa, hata ndevu. Sijasikia aliyekaa chini akausifu upepo wa dizeli. Mafundi wanautaja kwa laana tu. "Imevuta upepo hii," wanasema, au "mafuta hayapandi," kisha wanatema mate kando. Mimi nilikuwa utingo kabla sijawa mtu wa kalamu, na leo ninamiliki gari chakavu la dizeli. Nimekula na upepo huu sahani moja miaka mingi. Deni lake nalilipa leo.

Kwanza tukubaliane kuhusu nguvu zake. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, vuta dizeli mpaka lijae, ziba mdomo wake kwa kidole gumba, kisha sukuma. Halisogei; ni kama kusukuma ukuta. Sasa acha ndani kiputo cha hewa kama punje ya mtama, usukume tena. Kinabonyea. Kinajikunja, kinakuwa kidogo, kinakupisha kwa adabu zote. Ukiachia, kinarudi palepale kilipokuwa, kama vile hukuwahi kukigusa.

Ndiyo siri yote hiyo. Nozeli ya dizeli haifunguki kwa kuombwa. Hata kwenye injini za zamani inataka presha inayopita ile ya tairi lako zaidi ya mara 50 ndipo inyunyize mafuta. Pampu inasukuma kwa hasira, upepo unajikunja. Pampu inavuta pumzi, upepo unajikunjua. Nozeli imefumba mdomo, na silinda haijaonja hata tone. Nimefanya kazi kwenye ofisi mbili tatu, nawafahamu watu waliofikisha umri wa kustaafu kwa mbinu hii hii: hawakatai agizo, hawabishani na bosi, wanabonyea tu, na kazi haiendi.

Waswahili tunasema debe tupu haliachi kuvuma. Upepo huu ni mtupu kuliko debe lolote, na hauvumi hata kidogo.

Wanaoudharau hawajui ukoo wake. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyeipa injini jina lake, alipoiendesha kwa mafanikio kule Augsburg mwaka 1897, hakuwa na pampu ya kusukuma mafuta kwa presha kama tulizo nazo leo. Mafuta yaliingia kwenye silinda yakipulizwa na hewa iliyoshindiliwa kwenye mashine ya pembeni. Hewa ndiyo ilikuwa mchukuzi. Ilikaa njia moja na mafuta, ikaingia nayo mlango mmoja, na pasipo hiyo hakuna moto. Tatizo ni kwamba mashine ya kushindilia hewa ilikuwa kubwa na nzito, na ukiifunga kwenye lori, lori linabeba mashine badala ya mzigo. Diesel mwenyewe alipotea baharini mwaka 1913, akiwa kwenye meli usiku kutoka Antwerp kwenda Harwich. Mwaka 1927 kampuni ya Bosch ikaanza kutengeneza kwa wingi pampu ndogo ya kusukuma dizeli tupu, na hewa ikafungiwa nje ya njia iliyoianzisha yenyewe. Mnaita ukorofi. Mimi naona mzee wa boma amerudi kuuliza nani alimgawia mtu kiti chake.

Na uonevu wenyewe uangalie vizuri. Injini ya lita 4.2, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, inameza karibu lita 4,000 za hewa katika dakika hiyo. Inaifinya, inaipasha moto mpaka dizeli inawaka yenyewe bila pulagi. Huku hewa ni chakula. Ukisogea hatua moja, kwenye mrija wa mafuta, hewa hiyo hiyo kiasi cha kifuniko cha soda inaitwa ugonjwa, na fundi anaitwa.

Sifa yake inayonigusa zaidi ni uaminifu. Nilipokuwa utingo, dereva wangu alikuwa na wateja wake njiani. Nikimtaja nitakuwa sina shukrani, maana ndiye aliyenifundisha kufunga turubai. Tulikuwa tukitoka Dar kwenda Mbeya, na kila safari, kabla ya kufika milima ya Kitonga, lori linapunguza mwendo mahali fulani, madumu mawili ya njano yanatokea kichakani, mpira unaingia kwenye tenki, na dizeli ya tajiri inabadilika kuwa noti. Geji kwenye dashibodi ilikuwa imekufa siku nyingi. Nani angejua?

Siku hiyo alizidisha dumu. Kitonga ni kupanda kona kwa kona, lori limenyanyua pua juu, na dizeli yote iliyobaki ikalala nyuma ya tenki. Mrija ukabaki unanyonya hewa. Tukazima katikati ya kona, nyuma yetu foleni ya malori yanapiga honi, mimi ninakimbia na jiwe la kuweka tairi. Tulilala pale. Asubuhi tajiri akapiga simu kuuliza mbona mzigo haujafika, na dereva, kwa uchovu, akasema ukweli nusu: "Bosi, limevuta upepo." Tajiri alikuwa ameendesha lori miaka ishirini kabla ya kununua lake. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza polepole: "Upepo umeingiaje kwenye tenki nililojaza jana?" Tangu siku hiyo nimeona wakaguzi wengi wa hesabu, wenye tai na kompyuta. Hakuna aliyewahi kumkamata mtu kwa haraka namna ile, wala bila posho.

Halafu haubagui. Miaka michache iliyopita nilikuwa kwenye kambi moja ya wasafiri upande wa Iringa, nikawakuta mzee wa Kijerumani na mkewe na gari-nyumba lao: Land Cruiser ya HZJ78, paa linainuka kama hema, ndani kitanda, jiko, friji, sinki, na kabati la vikombe visivyogongana. Chini ya boneti ilikuwa 1HZ, ile silinda sita ambayo mafundi wetu wanaifungua macho yamefumbwa. Mzee alikuwa mtu wa daftari. Kilomita zimetimia, akabadilisha filta mwenyewe. Aliijaza dizeli safi kabla ya kuifunga ili kupunguza hewa. Akabonyeza kile kipampu cha mkono juu ya filta mara nyingi alizoziandika. Gari likawaka, likakaa dakika moja, likazima. Akarudia. Dakika moja, kimya. Alifanya hivyo siku nzima, mpaka betri ikakata tamaa kabla yake.

Akaitwa fundi kutoka mjini, kijana mwenye ovaroli isiyokumbuka rangi yake. "Shikamoo mzee." Mzee akaitika "Jambo." Fundi akaona hiyo nayo ni marahaba.

Hakugusa stata. Aliuliza kwanza dizeli ya kujazia filta ilimiminwa tundu gani, nikatafsiri. Mzee akaonyesha tundu kubwa la katikati. Fundi akatabasamu kwa huruma, akaniambia nimweleze kwamba tundu la katikati ni la kutokea. Ukimimina hapo, mafuta yameshapita karatasi ya kuchuja kabla hayajachujwa, na taka inakwenda moja kwa moja kwenye pampu. Mimina kwenye matundu madogo ya pembeni, uwe na subira, yanakunywa polepole. Mzee akaandika kwenye daftari.

Kisha fundi akashika kipampu akabonyeza, macho yake hayako kwenye kipampu. Yako kwenye ukingo wa filta, pale inapokutana na kichwa chake. Akabonyeza kwa nguvu. Tone moja la dizeli likachungulia, dogo kama jasho kwenye pua. Akaachia. Tone likarudi ndani.

"Ndiyo huyo," akasema.

Injini inapotembea, upande ule haumwagi, unanyonya. Pampu inavuta dizeli kutoka tenki, kwa hiyo penye upenyo hakuna kitu kinachodondoka nje. Hewa ndiyo inayoingia ndani. Mzee alikuwa amekagua chini kwa tochi, akaona pakavu, akaamini pamezibwa. Fundi akafungua filta, akapitisha kidole kwenye kichwa chake, mzunguko mzima, taratibu, kama anayepapasa ukingo wa chungu kutafuta ufa. Kidole kikasimama. Akaingiza ukucha, akavuta raba nyeusi iliyolala bapa: raba ya filta ya zamani, iliyogoma kutoka na mwenzake. Raba mbili zimepandana, na katikati yao mlango wa upepo. Mke wa mzee aliichukua kwenye kiganja, akamtazama mumewe, na nadhani mazungumzo ya ndoa yaliyofuata hayakuhitaji mkalimani.

Yaliyobaki ndiyo ibada yenyewe, na hapa ninaomba wanaoharakisha wakae kando. Fundi akapaka raba mpya dizeli kwa kidole, akafunga filta kwa mkono bila spana. Akalegeza nati za mirija ya nozeli kwa spana namba 17, nusu mzunguko tu, akaweka tambara chini. Akaanza kubonyeza. Mwanzoni kipampu kilikuwa laini kama andazi la moto, kinaingia na kutoka bila ubishi. Baada ya mara thelathini hivi kikaanza kukataa. Baada ya hapo kikawa kigumu, kidole gumba chake kikawa cheupe, akasimama. Betri ikaungwa na ya gari jingine, stata ikapigwa sekunde kumi, ikapumzishwa, ikapigwa tena. Kwenye nati ya kwanza likatoka povu, kama la sabuni, linachemka na kupasuka. Povu likapungua. Likaja tone lenye kiputo, tone lenye kiputo, halafu tone tupu, safi, zito. Akakaza. Nati ya pili povu. Akakaza. Alipofika ya nne injini ikashika: kwanza silinda mbili, moshi mweupe, gari zima linatetemeka na vikombe vya kabatini vinagongana kwa mara ya kwanza tangu Ujerumani. Kisha tatu. Iliinuka kama mzee anayeinuka kwenye mkeka, goti moja, halafu la pili, mkono ukutani, mpaka akasimama wima. Silinda sita. Tukapiga makofi, sisi na wapishi wa kambi.

Fundi alisema 30,000. Mzee akaomba risiti, akataka iandikwe kazi iliyofanyika. Fundi akanipa kalamu: "Andika kutoa upepo." Mzee akauliza maana yake, nikamwambia. Aliiangalia karatasi, akaiangalia injini, akaongeza 10,000.

Siku hizi wanatengeneza magari yasiyojua adabu hii. Kuna pampu ya umeme ndani ya tenki. Unafungua ufunguo bila kupiga stata, inanguruma kidogo, unafunga, unafungua tena mara tatu nne, basi. Kidole gumba hakina kazi. Lakini hata huko upepo haujavuliwa cheo, umepandishwa. Presha za nozeli za magari hayo ni mara kumi ya zile za zamani, na pampu inayozizalisha inalainishwa na dizeli yenyewe. Iendeshe kavu, kwa kiburi cha kung'ang'ania stata, inajisaga chuma kwa chuma na vumbi lake linakwenda kwenye nozeli. Hapo hulipi kutoa upepo. Hapo unauza ng'ombe.

Langu ni la zamani. Mwaka jana, katika kutafuta penye upenyo, fundi alikata kipande cha mrija mweusi karibu na filta akaweka mpira unaoonyesha ndani, wa kama shubiri moja. Alisema ni wa muda. Sijauondoa. Kila asubuhi nafungua boneti, naangalia. Leo upepo ulikuwepo, mdogo kuliko punje ya mchele, umejibanza kwenye kona ya juu ya mpira, hauendi mbele wala haurudi nyuma. Nimeuamkia, nimebonyeza kipampu mara saba, na gari limewaka kwa stata ya pili.